Mdogo Wangu, Chukua Futi Kamba

Siku hizi ujumbe mwingi unaonifikia kutoka Al Khoudh, Oman, unauliza jambo moja, ingawa kila mtu ana maneno yake. Mmoja anasoma ubunifu wa samani, anasema kila kiti anachochora kikimalizika kinafanana na alichokiona kwenye simu jana usiku. Mwengine anatengeneza nembo na lebo za maduka. Mteja akimwambia "nataka kitu cha kisasa lakini kiwe chetu", anakwama. Wa tatu kaandika mstari mmoja tu: "Dada, shikamoo. Wenzangu wanapata wapi mawazo?"

Marahaba, mdogo wangu. Nakujibu wewe, na wengine wasikilize.

Wengi wanayapata humo humo unamoyatafuta wewe, ndiyo maana kazi zenu zimeanza kufanana. Unafungua simu, unaona kiti kizuri kutoka Copenhagen, unakipenda, unakihifadhi, mara kimetokea kingine. Saa nzima imekwisha, macho yamechoka, na hakuna hata kimoja unachokijua. Hujui kikalio kiko juu kiasi gani kutoka sakafuni, hujui mguu wa nyuma umelala vipi, hujui mgongo wa mtu unagusa wapi anapokikalia. Ulichokiona ni picha.

Basi fanya hivi. Azima futi kamba ya mama, ile ya kushonea, chukua na daftari, uanze kupima vitu vya nyumbani kwenu. Nalisema hili kwa moyo wote, kwa sababu nyumba ya Mswahili hapo Al Khoudh imejaa vitu ambavyo mwanafunzi wa Milan angelipa nauli aje kuviona, na nyinyi mnavipita kila siku mkienda jikoni.

Anza na mbuzi. Najua nazi siku hizi ni ya kopo au ya unga, au inapigwa kwenye blenda. Lakini mbuzi ya bibi bado ipo, imekunjwa nyuma ya mlango wa stoo. Itoe, ifungue, uikague vizuri. Ni mbao mbili zilizopishana na kushikana katikati. Mbele umetoka ulimi wa chuma wenye meno, umesogezwa mbele kiasi cha bakuli kukaa chini yake bila kugongana na miguu ya mbao. Ukiikalia, uzito wako ndio unaoibana isiteleze. Hakuna skurubu wala kibano chochote. Ukiinuka inakunjika, inakuwa bapa, unaitundika. Sasa pima. Kikalio kiko juu kiasi gani? Kwa nini kiko chini hivyo? Shika kifuu uanze kukuna utajua mwenyewe: nguvu inatoka begani, na bega halifanyi kazi hiyo vizuri ukiwa umekaa juu. Andika namba zote. Chora kutoka mbele, kutoka ubavuni, na kutoka juu.

Kisha jiulize ni nani mwengine nyumbani humo anayehitaji kitu kinachokunjika na kinachobanwa na uzito wa mtu mwenyewe. Mimi namfikiria bibi ambaye magoti hayamruhusu tena kusujudu. Anaswali juu ya kiti cha plastiki kilichotengenezwa kwa ajili ya bustani: ni kipana mno, kinavuka mstari wa safu msikitini, na akitaka kuinuka mkono hauna pa kushika. Kumtengenezea kiti chake ni kazi ya mwaka mzima ya mwanafunzi wa samani, na Al Khoudh nzima kuna wa kukijaribu. Huoni kwamba wazo limetoka kwenye mbuzi, na hakuna hata mmoja atakayekitazama kiti hicho akaona mbuzi?

Hapo ndipo nataka mkae sana, wadogo zangu. Chukua sababu ya kitu, sura yake iache. Naona kazi nyingi ambazo mtu kachukua nakshi ya mlango wa Mji Mkongwe akaibandika kwenye kabati la mbao za kiwandani, au kachora jambia kwenye kikombe, akasema huo ni utamaduni. Ule mlango ulikuwa mzito kwa sababu ulilinda nyumba ya biashara, na nakshi zake zilimsomea mgeni habari za mwenye nyumba kabla hajabisha hodi. Kabati lako la nguo linamsomea nani? Ukilijibu swali hilo kwa dhati, nakshi tia. Kama huna jibu, liache kabati liwe safi.

Ichukue na kofia ya baba, ile ya vito iliyoshonwa kwa mkono. Isogeze karibu na dirisha. Utaona kila kitundu kimezungushiwa uzi, mshono umekaa karibu karibu ili kitambaa kisichanike wala kisifumuke. Vitundu vinapitisha hewa kichwani, na hapo hapo ndivyo vinavyochora ua. Pambo na kazi ni kitu kimoja. Ukiondoa pambo, kichwa kinapata joto. Kofia hizo zimeshonwa Lamu, Unguja na Oman kwa vizazi, na mshonaji hukaa na kofia moja wiki kadhaa, pengine miezi. Sasa wewe unatembea mwezi wa Julai kutoka kituo cha gari hadi darasani na begi limekushika mgongo, jasho linatiririka. Mbona begi lako halijajifunza kitu kwa kofia ya baba?

Wakubwa wa fani hii duniani nao walifikia huko kwa njia yao. Mwaka 2006 Naoto Fukasawa wa Japani na Jasper Morrison wa Uingereza walifanya maonyesho Tokyo, wakayaita Super Normal, wakapanga vitu vya kawaida kabisa vya kila siku, vingine havijulikani hata vilibuniwa na nani. Walitaka watu waone uzuri wa kitu kilichokwisha kuzoeleka kwa sababu kinafanya kazi yake vizuri. Mkiwasoma hao wawili, someni huku mbuzi iko mezani.

Na msidhani dunia haitaki vitu vya kwetu. Mwaka 2025, kwenye maonyesho ya ubunifu ya London pale Somerset House, banda la Oman lilipata medali kwa kazi ya Haitham Al Busafi, na kazi hiyo ilianzia kwenye vyombo vya udongo vya kuhifadhia. Chombo cha udongo! Kile ambacho kwenu kimesimama nje kimejaa maji ya mvua.

Nije kwa wenye nembo na mabango, maana nyinyi nina maneno mengi nanyi.

Kila kabati la mama zetu lina shule ya grafiki ndani yake, nayo ni kanga. Itandaze kitandani, usiivae. Kuna pindo pande zote nne, kuna mji katikati, na kuna jina, karibu na pindo la chini. Mpangilio huo umebaki ule ule kwa miaka zaidi ya mia, huku maelfu ya wachoraji wakibadilisha kila kitu ndani yake. Duka la Mali ya Abdulla la Mombasa limekuwa kwenye biashara hiyo tangu 1887, na ukichukua kanga yao leo bado utajua wapi pa kutazama kwanza na wapi pa kusoma. Hesabu na rangi: mara nyingi ni tatu, nne, kwa sababu kila rangi ilikuwa gharama nyingine kiwandani. Kisutu, kanga ya harusi, kinasimama kwa nyeusi, nyekundu na nyeupe, na hakuna harusi ya kwetu kinapopotea hata ukumbi ujae taa. Halafu fikiria jina lile limeandikwa ili lisomwe wapi: kwenye mwili unaotembea, kwenye kitambaa kinachokunjamana, na anayelisoma ni jirani anayejifanya hasomi. Ukiweza kupanga maneno yakasomeka hapo, bango la barabarani halikusumbui.

Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954, akachukuliwa Uingereza angali mchanga, na mama yake alikuwa mbunifu wa vitambaa. Mwaka 2017 alishinda tuzo ya Turner, ambayo kule ni tuzo kubwa ya sanaa. Ana kazi kadhaa alizozipanga kwa umbo la kanga, picha na maneno pamoja. Mtoto aliyeondoka Unguja bado ananyonya aliona kilichomo kwenye doti moja. Na wewe uliyelala juu ya kanga ya bibi tangu utoto?

Jambo jengine ni herufi. Tembea sokoni Al Khoudh jioni, usiangalie bidhaa, angalia mabango ya maduka. Kiarabu upande mmoja, herufi za Kilatini upande mwengine, na mara nyingi huwa wageni wawili waliokutana kwenye lifti: Kiarabu kina unene na mwendo, Kilatini kimetupwa kwa fonti iliyokuja na kompyuta. Piga picha za mabango kumi. Yapange kuanzia linalokukera hadi linalokupendeza, kisha andika kwa nini. Tazama na kazi za Nadine Chahine wa Lebanon, ambaye maisha yake yote ya kazi ni kuziweka herufi hizo mbili zikae pamoja kwa heshima.

Na nyinyi mna haki ya pekee katika jambo hili. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu muda mrefu kabla ya Kilatini, na kanga za mwanzo zenye maneno ziliandikwa hivyo hivyo. Kule Siyu, kwenye kisiwa cha Pate, walinakili misahafu na kuipamba kwa wino mweusi, mwekundu na manjano, kurasa zimepangwa kwa utulivu ambao hata leo unakufanya ukae kimya. Waandishi wale walikuwa ndugu zetu. Kwa hiyo ukipewa nembo ya lugha mbili, usijihesabu mgeni upande wowote. Wengine wenu mnaniandikia mkiona haya, mnasema darasani hamtaki kutaja kwamba bibi kazaliwa Unguja au Pemba, au kwamba nyumbani mnasema Kiswahili. Nawaelewa, lakini mnaficha mali. Wekeni mezani.

Walio Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos wana darasa jengine la bure. Kilifunguliwa mwaka 1986, na mstari wake mkuu wa majengo umeelekezwa kibla. Mkienda vipindini saa sita mchana, tazameni kivuli kinavyowafuata kwenye zile njia zilizoezekwa. Mtu alikaa akahesabu jua kabla ya kuchora ukuta. Somo ni hilo tu.

Kuhusu mafundi: nendeni. Seremala, fundi cherehani, mchapaji wa mabango, wote wana karakana na wote watakufundisha ukifika na adabu, mchoro wenye vipimo, na mfano mdogo wa kadi boksi. Ukifika na picha ya simu peke yake atakutengenezea anachokijua yeye. Na mshono wa kofia ukiutoa kwa bibi au shangazi, jina lake liandike kwenye kazi yako, na ukiuza umpe haki yake. Hilo sitaki mjadala nalo.

Mlioniuliza kuhusu baba asiyetaka msome ubunifu, msibishane naye usiku. Mtengenezee kitu anachokihitaji. Mzazi akitumia kwa mwezi mzima kishikio kilichofanya kopo lake la dawa lifunguke kwa vidole vyenye baridi yabisi, mazungumzo yatakuwa mengine.

Simu mtaitumia, sikatazi. Itumieni baada ya kupima, mkishakuwa na swali. Mtu anayejua kikalio chake kiko juu kiasi gani akitazama kiti cha Copenhagen anaona mambo ambayo jana hakuyaona.

Nimalizie na wewe wa nembo ya duka la mama la bakhoor, uliyenitumia rangi saba. Zitoe zote. Chapisha nembo nyeusi tupu kwenye karatasi nyeupe, ukubwa wa sarafu ya baisa hamsini, uikate, uibandike kwenye kifuniko cha kopo. Lishike kopo hilo mkono ukiwa umekunjwa, kisha unyooshe mkono mbali. Jina likisomeka kwa Kiarabu na kwa Kilatini bila kukodoa macho, tia rangi ya kwanza. Ya pili itie ukiwa na sababu unayoweza kumweleza mama. Kisha nitumie picha ya kopo lenyewe likiwa juu ya meza ya duka, miongoni mwa makopo ya wengine.