Umbali na Muda: Kutoka London hadi Paris

Ukiuliza kutoka London hadi Paris ni mbali kiasi gani, mmoja atakujibu ni kilomita 340 hivi. Mwingine atasema ni 492. Wa tatu atakwambia, "Ah, si mbali, ni mwendo wa saa mbili na kitu!" Wote watatu wamesema kweli. Hebu tuone ni kwa nini.

Kilomita 340 ni umbali wa moja kwa moja, kama arukavyo ndege. Kilomita 492 ni urefu wa reli, kwa sababu reli hupinda na kuizunguka miji. Huyo wa tatu hakutaja umbali hata kidogo, ametaja muda.

Katikati ya miji hii kuna bahari. Zamani abiria alishuka treni, akapanda meli, kisha akapanda treni nyingine upande wa Ufaransa. Mwaka wa 1994 lilifunguliwa handaki lenye urefu wa kilomita 50, na 38 kati ya hizo ziko chini ya bahari. Mwanzoni treni ilichukua kama saa tatu. Reli mpya ya kasi ilipokamilika upande wa Uingereza mwaka wa 2007, muda ulipungua hadi saa 2 na dakika 20 hivi. Miji haikusogea, kilichobadilika ni njia na kasi.

Sasa tupige hesabu. Kasi ni umbali kugawanya kwa muda. Saa 2 na dakika 20 ni saa 7/3.

492 ÷ 7/3 = 211 hivi

Yaani kilomita 211 kwa saa. Lakini treni hiyo hufika kilomita 300 kwa saa! Basi mbona wastani uko chini? Ni kwamba handakini haizidi 160, na karibu na stesheni huenda polepole.

Jihadharini na mtego huu. Saa ya Paris iko mbele ya saa ya London kwa saa moja. Sisi tumezoea Nairobi, Kampala na Dar es Salaam kutumia saa moja, kwa hivyo jambo hili hutuponyoka upesi. Tuseme treni imeondoka London saa 4.00 asubuhi, ikafika Paris saa 7.20 mchana kwa saa ya huko. Ukitoa tu, utapata saa 3 na dakika 20, na alama zimekwenda! Punguza saa moja kwanza.

Kurudi ni kinyume. Ikitoka Paris saa 9.00 alasiri, itafika London saa 10.20. Asiyeongeza saa moja atapata kasi ya kilomita 369 kwa saa, na treni yenyewe haiwezi kufika huko. Jibu lisilowezekana hujifichua lenyewe. Kwa hivyo likague kabla ya kukabidhi karatasi.

Zoezi: Treni imeondoka London saa 6.00 mchana, ikasafiri saa 2 na dakika 20. Saa ya stesheni ya Paris itasoma ngapi? Aliyepata saa 9.20 alasiri, hongera!