Mwongozo kwa Wafanyakazi wa Bucha, Ngaramtoni: Ukijikata, Bonyeza na Usichungulie

Mwongozo huu ni wa kila anayeshika kisu, shoka au msumeno wa nyama katika bucha na machinjio ya Ngaramtoni. Kujikata si jambo geni kwenu. Kinacholiharibu jeraha mara nyingi ni haraka ya kuchungulia.

Supu ya makongoro ikilala usiku wa baridi ya Meru, asubuhi mnaikuta imeganda. Ukiinamisha sufuria haimwagiki. Kinachoigandisha kimetoka kwenye kolajeni, protini inayozipa kano na ngozi ya ng'ombe ugumu wake. Kolajeni hiyo unayo na wewe, kwenye kuta za mishipa yako ya damu, nyuma ya utando mwembamba wa ndani. Damu haikutani nayo mpaka kisu kipite.

Kikipita, chembe sahani zinainasa. Hivi ni vijipande vya damu ambavyo mtu mzima mwenye afya anavyo 150,000 hadi 450,000 katika kila maikrolita, yaani sehemu ndogo tu ya tone. Kila kimoja kina vipokezi, tuseme ndoano. Ndoano ya kwanza haishiki kolajeni yenyewe, bali protini ya von Willebrand iliyokwisha kunata juu yake; kazi yake ni kupunguza mwendo wa chembe inayokokotwa na damu. Hapo kipokezi kiitwacho GPVI hugusa kolajeni na kuiamsha chembe. Ikiamka hubadilika umbo, hujishikiza kwa kipokezi kingine, na kumwaga kemikali za kuziita nyingine. Zikifika hushikana zenyewe kwa zenyewe, kisha nyuzi za faibrini huzifunga ziwe donge.

Kazi hiyo inataka utulivu. Weka kitambaa safi, bonyeza kwa nguvu juu ya jeraha lenyewe, inua mkono, tazama saa: dakika 10 kamili. Mteja asubiri. Ukifunua dakika ya tatu unazibandua chembe ambazo ndiyo kwanza zimeshika, na unaanza upya. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake. Cha kwanza usikitoe.

Majivu, kahawa na mafuta ya taa visiwekwe. Anayesema kahawa ilimsaidia, aliyemsaidia ni mkono ulioibonyeza.

Anayetumia aspirini amjulishe msimamizi. Dawa hiyo huzuia mojawapo ya kemikali za kuita, na chembe iliyoguswa hairudi hali yake mpaka ife, siku 7 hadi 10. Aliyeandikiwa na daktari kwa ajili ya moyo asiiache. Yeye abonyeze kwa muda mrefu zaidi.

Damu ikiruka kwa mapigo, msingoje saa. Vilevile ikiwa umebonyeza dakika 10 mara mbili na bado inatoka, au kidole hakikunjiki, endeleeni kubonyeza mkielekea Hospitali ya Selian, iliyo hapo hapo Ngaramtoni. Bajaji ni bora kuliko bodaboda, maana majeruhi hana mkono wa kujishikilia. Mkifika, ulizeni kuhusu chanjo ya pepopunda.

Kwa wenye bucha: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inawataka muwe na vifaa vya huduma ya kwanza. Sanduku likae karibu na gogo la kukatia. Lililofungwa kwa kufuli, na ufunguo umekwenda mjini mfukoni mwa tajiri, halihesabiwi.