Usimtume Kondakta

"Shangazi, naendesha bodaboda hapa Kilwa Masoko. Binti yangu ana miaka minne, anaishi Lindi mjini na mama yake, ambaye ameolewa na mtu mwingine na wana mtoto wa miezi kumi. Nimemnunulia binti simba wa plastiki, ila ni wa kishika funguo: ana mnyororo, pete na kijiskrubu kichwani. Nataka kuvitoa, nizibe na tundu, ili mama yake asijue ni wa funguo. Yule bwana humnunulia midoli ya dukani. Nikimaliza nitampa kondakta ampelekee. Nifanyeje asivunjike?" — Baba, Masoko

Kazi yenyewe ni ya dakika chache, mwanangu. Tumbukiza kichwa cha simba kwenye maji ya moto mpaka plastiki ilegee, kamata kile kijiskrubu kwa plaizi, zungusha taratibu kinyume cha mshale wa saa. Usivute, utang'oa na kichwa. Tundu liache.

Ndiyo, liache. Unataka kuliziba "ili mama yake asijue". Mwenye shida ya skrubu tu asingenitajia midoli ya bwana mwingine. Umejipima naye, ukajiona umepungua, sasa unataka simba akufichie. Hela ile umeitoa kwenye pikipiki, juani, hukuiba wala hukukopa. Unaona haya ya nini? Mtoto wa miaka minne hajui bei za madukani. Anachojua ni nani anakuja kumwona na nani haji.

Tena mama yake ni lazima ajue. Nyumba ile ina mtoto wa miezi kumi, na kwa umri huo kila kinachookotwa kinaishia mdomoni. Viwango vya kimataifa vya vitu vya kuchezea vina kipimo chake: kitu kinachoingia chote kwenye mrija wenye upana wa milimita 31.7 hakifai kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Pete na skrubu vitazama humo bila shida, na huenda simba naye asibaki nje. Kwa hiyo vyuma vibaki kwako, na mama aambiwe waziwazi kwamba simba katoka kwenye kishika funguo, mdogo asiachiwe.

Sasa huyo kondakta. Hapa nakugombeza. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara pale Somanga, baba aliyekuwa Dar es Salaam na mtoto wake yuko Lindi alikuwa na udhuru. Wewe uko kusini ya Somanga, upande uleule wa Lindi. Unatoka Masoko mpaka Nangurukuru, unadaka gari la Lindi, unafika. Kwenye barua yako yote sikuona mahali ulipoandika ulimwona lini mara ya mwisho. Mzigo unatumwa kwa basi, baba hatumwi.

Panda mwenyewe. Mpigie mama yake kabla, mumewe naye ajue, maana pale ni nyumbani kwa mtu. Wakikubali, mchukue binti asubuhi, mvuke naye maji kwenda Kitunda, ng'ambo ya mji, mrudi kabla jua halijawa kali. Simba mpe mkononi. Na hela ya matumizi, ambayo barua yako haikuigusa hata kwa neno moja, mkabidhi mama yake siku hiyohiyo.