Mpini wa Shoka: Somo Kuhusu Ukosefu wa Ajira

Likizo iliyopita, nyumbani Jinja, nilimhutubia kaka yangu asiye na kazi kuhusu uvivu. Nilisahau historia: umeme wa bwawa la Owen Falls, mwaka 1954, ulivuta viwanda, baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972, vingi vilidorora na ajira zikapungua.

Tazameni hadithi aliyoipokea Abu Daud. Ansari mmoja alikuja kuomba. Mtume (S.A.W.) kwanza alimuuliza ana nini nyumbani. Akanadi nguo yake na bakuli kwa dirhamu mbili: moja ya chakula, nyingine ya shoka. Mpini akautia mwenyewe, akampa siku 15 akate kuni. Alirudi na dirhamu kumi.

Ndugu zangu, mawaidha bila mpini hayakati kuni. Likizo ijayo nitaanza kwa swali, inshaallah.