Maafisa Wanapokosana, Mwananchi Afanye Nini?

Chukulia kituo cha afya ambapo muuguzi msimamizi na mtunza stoo hawasemezani tangu wagombanie zamu za wikendi. Mmoja hahesabu dawa mpaka aandikiwe barua. Mwingine hatii sahihi kwenye oda mpaka aletewe hesabu. Oda inalala mezani, na mgonjwa aliyetoka mbali anaambiwa tu kwamba dawa zimeisha.

Mkaazi akisikia habari hizo huuliza: mbona hawafutwi?

Jibu liko katika Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41. Kabla ya kumfuta mtu kwa utovu wa nidhamu au utendakazi duni, mwajiri sharti amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi aliyemchagua mwenyewe, kisha asikilize majibu yao. Kifungu cha 236 cha Katiba pia kinakataza kumfuta au kumshusha cheo afisa wa umma bila kufuata utaratibu wa sheria. Wengi huona hii ni kumlinda mzembe. Lakini kaunti ikiruka hatua hizo, mahakama inaweza kuamuru alipwe fidia ya hadi mshahara wa miezi 12, na pesa hizo ni za mlipa ushuru yuleyule aliyekosa dawa. Afisa asiyeridhika na uamuzi naye ana siku 90 za kukata rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma.

Kazi ngumu ni ya mkuu wa idara: kutofautisha ugomvi na uzembe. Asiyejua kujaza oda anahitaji mafunzo. Anayejua lakini hajazi kwa sababu ya hasira anahitaji kuitwa, apewe jukumu lililoandikwa na tarehe ya kulimaliza. Mara nyingi ugomvi wenyewe huanzia hapo, kwa kazi ambayo haikuandikwa ni ya nani. Kumhamishia mmoja wadi nyingine ni rahisi, ila anayechukua nafasi yake atakuta swali lile lile.

Mkaazi ana nafasi yake pia. Malalamiko kwamba "wana madharau" hayamsaidii mkuu wa idara wakati wa kumhoji afisa. Andika tarehe, kituo, huduma uliyoomba, uliyeongea naye na alichokujibu. Peleka barua kwa msimamizi wa wadi, nakala yako ipigwe muhuri. Usipojibiwa, Tume ya Haki za Kiutawala hupokea malalamiko kuhusu ofisi za kaunti pia.

Na ukitaka kujua kaunti yako inafanya kazi vipi kwa jumla, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 47, inamtaka Gavana awasilishe ripoti ya utendakazi kila mwaka kwa Bunge la Kaunti. Ripoti hiyo ni ya umma. Unaweza kuiomba.