Darasa la Ramadhani, Siku ya 9: Kitabu cha Kliniki Kiko Wapi?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Alhamdulillahi, leo tumefunga tisa. Ramadhani ya mwaka 2020 misikiti ilikuwa imefungwa, tarawehe tuliswali sebuleni na watoto, na ikifika saa moja ya usiku kafyu iliingia, kila mtu yuko kwake. Mwenyezi Mungu atutakabalie.

Leo si hukumu za saumu. Kama nyumbani kwako kuna mtoto wa chini ya miaka miwili, nakuomba kabla hujaendelea kusoma uinuke ukakitafute kitabu chake cha kliniki. Kile kinachokaa ndani ya mkoba wa mama au juu ya kabati pamoja na vyeti. Fungua pale penye chanjo utazame tarehe ya kurudi. Je, imepita?

Kwetu ilikuwa imepita. Mjukuu wangu alitimiza miezi 9 mwisho wa Machi, siku zile kafyu ndiyo imeanza, na mimi ndiye niliyesema asipelekwe. Nilimwambia mkaza mwanangu, "Mwanangu, hospitali ndiko corona iliko. Tulieni nyumbani mpaka haya yapite." Akanyamaza kwa adabu. Siku ya tatu ya mfungo, nilipokuwa namtuma kijana sokoni, akaniuliza polepole, "Baba, sokoni tunakwenda kila siku, na watu wamebanana vile wakinunua mihogo na tende. Ni kliniki tu ndiyo tusiyokwenda?"

Sikuwa na jibu. Niliona haya.

Mwezi wote wa Machi nilikuwa nikiwasomea kisa cha Sayyidna Umar na tauni ya Sham. Mnakikumbuka, kimo katika Bukhari na Muslim. Umar alifika Sargh, akaambiwa maradhi yameingia Sham, akashauriana na watu, akaamua kurudi. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia qadar ya Allah. Umar akamjibu kuwa ndiyo, wanaikimbia qadar ya Allah kwenda kwenye qadar ya Allah, kisha akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeshuka bondeni, upande mmoja una majani na mwingine ni mkavu. Popote atakapolisha, atakuwa analisha kwa qadar ya Allah.

Mimi nilikitumia kisa hiki kuwaambia watu wakae nyumbani, na haikuwa makosa. Lakini niliuona upande mmoja tu wa bonde. Nyumbani nako kuna maradhi yake, na kumzuilia mtoto chanjo kwa kuogopa ugonjwa mmoja ni kumwachia mlango wazi wa mwingine.

Huo mwingine ni upi? Surua, au ukambi kama wazee wetu wanavyouita. Mgonjwa mmoja wa ukambi, akiwa katikati ya watu wasio na kinga, anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18. Corona ya mwaka 2020 haikufika hapo. Tena ukambi haumtafuti mzee kwanza, unamtafuta mtoto mdogo. Unamwachia nimonia, unamharisha, na wengine unawapofusha macho.

Tazameni jirani zetu wa Kongo. Tangu 2018 dunia yote ilikuwa imekodoa macho kwenye Ebola ya kule mashariki, ambayo iliua watu zaidi ya 2,200, Allah awarehemu. Lakini katika nchi hiyo hiyo, miaka hiyo hiyo, ukambi uliua zaidi ya 6,000, na wengi wao ni watoto wa chini ya miaka mitano. Ebola ndiyo tuliyoisikia kwenye redio.

Kwa nini miezi 9, na si baadaye corona ikiisha? Nilimuuliza sista wa kliniki, naye akanieleza vizuri. Mtoto anazaliwa na kinga aliyoichukua kwa mama yake tumboni. Hiyo inamlinda miezi ya mwanzo, kisha inapungua kidogo kidogo. Akifika miezi 9 imekwisha au karibu kwisha, na ndipo sindano inaposhika. Kila wiki unayochelewesha baada ya hapo, mtoto hana ya mama wala hana yake.

Na si ukambi peke yake. Zile za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zinakinga kifaduro, pepopunda, dondakoo, homa ya ini, nimonia na polio. Nyingine zina kikomo cha umri, mtoto akishapita hapewi tena. Pia anapimwa uzani, na hilo tusilidharau, hasa wakati kazi zinaposimama na sufuria zinapopungua. Mtoto asiyeongezeka kilo huonekana kwenye mizani kabla mama hajamwona kwa macho.

Sasa, habari za WhatsApp. Mwanzoni mwa Aprili 2020 daktari mmoja na mtafiti mmoja wa Ufaransa walisikika kwenye runinga wakizungumzia kujaribu BCG dhidi ya corona huku Afrika. Watu walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika. Mkuu wa Shirika la Afya Duniani mwenyewe alilaani maneno yale. Lakini kisha zikaanza kuzunguka sauti zisizo na mwenyewe, kwamba wakimdunga mwanao kliniki wanamjaribia ya corona. Ndugu yangu, wakati huo chanjo ya corona ilikuwa haijapatikana popote duniani. Na BCG si ngeni kwako. Tazama mkono wako wa kushoto, chini ya kiwiko, kile kikovu. Ulidungwa ukiwa mchanga, na mama yako ndiye aliyekupeleka. Tuliamrishwa kuthibitisha habari kabla ya kuzieneza, na mwezi huu ulimi nao umefunga.

Jingine lililowachanganya watu ni kusikia kuwa chanjo zimesimamishwa. Shirika hilo lilishauri mwishoni mwa Machi kwamba kampeni zile za kukusanya umati zisimame kwa muda, ila chanjo za kawaida za kliniki ziendelee. Wengi walisikia nusu ya kwanza.

Aliyechelewa asikate tamaa. Sisi tunajua, aliyepitiwa na swala kwa usingizi au kusahau huiswali pale anapokumbuka. Basi na chanjo ni hivyo, haianzwi upya, inaendelea ilipoishia. Lakini usingoje Idi.

Piga simu kwanza uulize siku na saa. Nenda asubuhi, mtu mzima mmoja na mtoto. Mama akivaa barakoa, mtoto wa chini ya miaka miwili asivalishwe, atakosa pumzi. Kama nyumbani kuna mwenye homa na kikohozi, sema kwenye simu kabla hujatoka. Katika vituo vya serikali chanjo ni bure. Kitabu kikipotea usione haya, kituo kina daftari lake.

Na akina baba, hili mmelifanya la wanawake muda mrefu sana. Mama ananyonyesha, huenda amefunga, jua ndilo hili. Kama leo huna kazi ya kwenda, mchukue mtoto wewe. Akina mama wenye kunyonyesha wanaojihofia au kuwahofia watoto wao wana ruhusa ya kula, wasisukumwe. Na mwenye uwezo, jirani yako aliyesimamishwa kazi huenda amekosa nauli ya tuktuk tu. Hiyo nayo ni sadaka ya Ramadhani, tena ndogo kuliko karamu ya futari.

Mjukuu wangu alidungwa Jumatano. Tulikaa foleni ya watu sita, kila mmoja mbali na mwenziwe. Alilia mpaka nje ya geti, na kabla ya adhuhuri tulikuwa tumesharudi. Sindano ya pili ya ukambi ni akitimiza miezi 18, ambayo sista aliniambia ndiyo watu wengi wanaisahau. Ilipangwa iwe mwisho wa Disemba 2020. Niliiandika kwenye kalenda ya ukutani, karibu na saa za kufuturu.

Kesho inshaAllah: Zakatul-Fitri, tutaitoaje na tumpe nani.