Ukingo wa Dari na Nati za Lori

Andiko: Kumbukumbu la Torati 22:8

Jumapili tulisoma agizo kwa mtu anayejenga nyumba mpya: aweke ukingo kuzunguka dari. Watu wa nyakati zile waliketi huko juu, na mtu akianguka, mwenye nyumba ndiye angewajibika. Sisi hapa Ngoingwa paa ni mabati na vigae, hakuna anayepumzika huko. Lakini tuna malori.

Niwape ushuhuda usio wa kujisifu. Niliwahi kuwa na lori dogo la kubeba mawe kutoka Ndarugo. Asubuhi moja tukaombea safari, hata boneti tukaipaka mafuta, dereva akaondoka. Siku iliyotangulia tairi la nyuma lilikuwa limetolewa kuzibwa pancha. Kabla hajafika mbali, mtu wa boda akampungia mkono: gurudumu linacheza! Nati mbili hazikuwepo, zingine unazungusha na vidole. Na pale steji akina mama wanauza ndizi kando ya lami. Nilimshukuru Mungu, kisha nikaona aibu. Tuliomba, lakini hakuna aliyeinama kuangalia.

Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo haya nimefunzwa na mafundi. Kabla ya kuwasha injini, zunguka lori, hesabu nati. Kutu inayochirizika kutoka kwenye nati, au chuma kinachong'aa kuzunguka tundu, ni dalili kwamba kitu kinasogea. Usiende. Wakati wa kufunga, nati hukazwa kwa kuvuka, moja huku na inayofuata upande wa pili, kwa kipimo cha waliotengeneza gari. Na hapa ndipo wengi tunakosea: gurudumu likishafungwa, nati zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100, maana vyuma hujikalia vikibeba mzigo na nati hulegea. Thika hadi katikati ya Nairobi ni kama kilomita 45. Ukienda na kurudi tu, toa spana.

Mtu atasema, kwani Mungu halindi? Analinda. Lakini mwenye nyumba hakuambiwa awaombee wageni wasianguke, aliambiwa ajenge. Tena aliyeambiwa ni yeye, si fundi. Sasa wewe mwenye lori, ukimpigia dereva saa kumi na moja alfajiri "toka haraka", dakika za kukagua azitoe wapi?

Ushirika wa nyumbani: someni Kutoka 21:29, ng'ombe mkali ambaye mwenyewe alishaonywa. Dereva akisema nati zimelegea, na tajiri akanyamaza, wana tofauti gani?